Nairobi hadi New York: usikokotoe saa kwa macho

Ukiangalia tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwenda JFK, uwanja wa New York, utaona mfano unaondoka 23:00, yaani saa tano usiku, na kufika 06:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wengi husema, "Kumbe ni saa saba na nusu tu!" Hapana. Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi, kwa hiyo ongeza 8: utakaa angani saa 15 na nusu. Umbali wenyewe ni karibu kilomita 11,800.

Kurudi, toa badala ya kuongeza. Ukiondoka saa sita na nusu mchana na kutua Nairobi saa nne na nusu asubuhi ya kesho yake, zinaonekana saa 22. Toa 8, zinabaki 14. Kurudi ni haraka zaidi kwa sababu pepo kali za juu huvuma kuelekea mashariki, zikiisukuma ndege.

Angalizo muhimu: Wamarekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba, sisi hatubadilishi. Kuanzia Machi hadi Novemba, saa zao zikiwa zimesogezwa, tofauti ni saa 7. Mama yangu aliwahi kusubiri simu yangu ya "nimefika" saa nane nzima, moyo juu, kwa sababu sikumfanyia hesabu hii. Siku hizi namwandikia saa ya kutua kwa saa za nyumbani, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji.