Kuvisha kava ya ekzosi kaboni faiba

Kaboni yenyewe haishindwi na joto la pikipiki. Kinacholegea ni resini, yaani gundi inayogandisha kitambaa cha kaboni. Resini ya epoksi ya kawaida iliyokauka bila kuchomwa ovenini huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na ile poliesta inayozibia maboti haifai hapa. Paipu la ekzosi usilivishe. Karibu na injini hupita nyuzi 300. Visha kava tu, ile bati inayokinga mguu wa abiria.

Pima kwanza. Tia kavani tone la rangi nyeusi isiyong'aa ya kuhimili joto, kwani kipimajoto cha infraredi hudanganywa na kromu. Kutoka Malindi mjini, endesha hadi Gede, mji wa jirani, na kurudi, pima, zima injini, pima tena baada ya dakika tano: upepo ukikatika joto hupanda. Joto likipita nyuzi 100, ongeza washa (vibati vya duara vya bolti) mpaka kava iwe sentimita moja kutoka kwenye paipu. Bado inapita? Iache.

Kwa kava ya sentimita 30 utahitaji kaboni ya gramu 200 kwa mita ya mraba, kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo, rangi nyeusi ya epoksi, na gramu 120 za epoksi ya joto kali inayofikia nyuzi 120 au zaidi ikichomwa.

1. Piga kromu msasa namba 80 hadi mng'ao wote uishe, kisha futa kwa asetoni. Mng'ao ukibaki, ngozi ya kaboni itabanduka hapo.

2. Changanya resini kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa koponi, usizidishe gramu 40 kwa mara moja. Mwaga kwenye sahani pana. Ikirundikana kikombeni hujipasha na kuganda.

3. Paka resini iliyotiwa rangi nyeusi, laza kitambaa cha kioo. Usikiruke: kaboni ikigusa chuma kwenye hewa hii ya chumvi, chuma huliwa chini kwa chini.

4. Resini ikinata bila kuchafua glavu, laza kaboni kuanzia katikati. Usiivute, mfumo wa kitambaa utapinda. Acha sentimita mbili za ziada pembeni.

5. Paka resini safi mara tatu, kila tabaka likiwa bado lanata. Likikauka kabisa, hasa miezi ya masika, unyevu huacha utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji ya vuguvugu kabla ya msasa, la sivyo tabaka linalofuata halishiki.

6. Acha saa 24, kisha choma katika oveni isiyopikiwa chakula: nyuzi 60, 80, 100 na 120, saa mbili kila moja, isipokuwa karatasi ya maelezo ya resini iseme vingine. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiharakisha, resini hulainika kabla haijakomaa, viputo vikatoka. Weka kipimajoto ndani, usiamini swichi. Jiko la mkaa halidhibitiki.

7. Sasa ndipo upige msasa, kwani kuchoma huinua alama za nyuzi za kitambaa: namba 240 hadi 1200, kwa maji na barakoa. Malizia na vanishi ya gari inayozuia jua. Epoksi tupu hugeuka manjano.

Kata ile ziada ya pembeni na matundu ya bolti, ziba kwa resini kingo na matundu yote uliyokata, kisha funga kwa bolti zisizoshika kutu. Ukingo ukianza kuinuka, ubandue na kuuziba upya mapema, kabla chumvi haijaingia.