Jinsi ya kumpa mbunge wako swali ambalo waziri hawezi kulikwepa

Kila Bunge likikaa Dodoma hii lazima uisikie. Mbunge anasimama, "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa zahanati ya kijiji fulani?" Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo na itaendelea kutenga fedha kadri ya upatikanaji wa fedha, mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, anauliza mawili madogo ya nyongeza, jibu linakuja lilelile kwa maneno mengine, Spika anaita swali linalofuata. Kule kijijini boma limesimama kwenye lenta, wananchi walishachanga matofali na nguvu zao, na mama mjamzito bado anapandishwa bodaboda usiku kwenda kata ya jirani.

Nimefuatilia kipindi cha maswali muda mrefu na ninachokiona ni kwamba "ni lini" ndo swali jepesi kuliko yote kwa waziri, kwasababu jibu lake ni ahadi, na ahadi haina risiti. Swali linalomkaba ni lile linalouliza hela iliyokwisha kupitishwa iko wapi. Na swali la hivyo mbunge mwenyewe mara nyingi hawezi kulitunga peke yake, ana kata nyingi, hajui boma lako limesimama tangu mwezi gani na fundi aliondoka akidai nini. We unajua. Kwahiyo kazi ya kulitengeneza ni yenu mnaokaa hapo, na inawezekana kabisa bila kuwa mwanasheria wala mhasibu.

Kabla ya yote jua kwamba huombi fadhila. Katiba ya mwaka 1977 ibara ya 63 inasema Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na kazi ya kwanza kabisa inayotajwa pale ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Ya pili ni kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Kwa niaba ya wananchi, yaani ya kwako.

Anza kwa kujua swali lako ni la nani, maana ukikosea hapa linapotea bure. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya, shule za msingi na sekondari, hizo zinajibiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Wizara ya Afya. Barabara za mitaani na vijijini ni TARURA, na TARURA nayo iko TAMISEMI, ila barabara kuu na za mkoa ni TANROADS chini ya Wizara ya Ujenzi, na watu wengi hapa ndo wanachanganya. Maji vijijini ni RUWASA, Wizara ya Maji. Umeme ni Wizara ya Nishati. Kama uko Zanzibar, afya na barabara siyo mambo ya Muungano, mpelekee Mwakilishi wako akaulize Baraza la Wawakilishi, mbunge wa Dodoma hatakusaidia kwa hilo.

Na kama mbunge wako mwenyewe ni waziri au naibu waziri? Huyo yuko upande wa kujibu, hasimami kumuuliza mwenzake. Hapo mtafute mbunge wa viti maalum wa mkoa wenu, au mbunge wa jimbo jirani ambaye barabara hiyohiyo inapita kwake. Viti maalum wengi wanatafuta hoja za kweli za kusemea, ukimletea kitu kimeandaliwa atakipokea vizuri.

Sasa sehemu yenyewe, hela. Hapa naomba usome taratibu. Hela ya mradi inapita hatua nne na kila hatua ina neno lake. Kuna iliyotengwa, hii ipo kwenye makadirio tu. Kuna iliyoidhinishwa, Bunge limepitisha. Kuna iliyopokelewa, yaani Hazina imeitoa na imeingia kwenye akaunti ya halmashauri au ya shule au ya zahanati. Alafu kuna iliyotumika. Waziri akisema "tumetenga shilingi milioni 50" watu wanapiga makofi mezani kumbe hajasema hata shilingi moja imefika. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, hela kuingia ni jambo lingine kabisa. Swali lako likae katikati ya maneno hayo, na hasa kati ya iliyoidhinishwa na iliyopokelewa, maana huko ndo miradi mingi inakokwama.

Unazipata wapi namba? Vitabu vya bajeti viko kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha, vinne, na kile cha nne ndo cha miradi ya maendeleo. Vinatisha kwa unene ila vimepangwa kwa mafungu, kila wizara na fungu lake, mfano TAMISEMI ni Fungu 56, Ujenzi ni 98, Maji 49, Afya 52. Ndani ya fungu kuna vifungu, ndani ya kifungu kuna kasma, yaani mstari mmoja mmoja wa matumizi. Tafuta mkoa wako na halmashauri yako hapo. Kwa jina la kijiji kabisa kitabu hicho mara nyingi hakitakufikisha, inabidi upate bajeti ya halmashauri, na njia nyepesi ni diwani wako kwasababu inapita mezani kwake kwenye baraza la madiwani. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilohilo, kwahiyo asikwambie hajawahi kuiona.

Diwani akikuzungusha, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inampa siku 30 kukujibu. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hata asipojibu ule muhuri unakuwa sehemu ya hoja yako.

Alafu usidharau kilicho karibu. Miradi mingi ya shule na zahanati saivi inajengwa kwa fosi akaunti, yaani vifaa vinanunuliwa na mafundi wanalipwa moja kwa moja bila mkandarasi, kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe ni watu wa hapohapo kijijini. Wao wanajua saruji mifuko mingapi iliingia, wana leja, wana risiti. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa ukae kila miezi mitatu, omba mapato na matumizi yasomwe na yaandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari wenye sahihi za mwenyekiti na mtendaji una uzito kuliko malalamiko mia ya kwenye grupu la wasapu.

Mnakumbuka madarasa ya UVIKO mwaka 2021? Mkopo wa trilioni 1.3 kutoka IMF, madarasa 15,000, milioni 20 kila darasa. Ile ilifuatiliwa nchi nzima kwasababu kiwango kilikuwa kinajulikana hadi kwa mzazi wa kawaida, milioni 20 kwa darasa moja, unaenda shuleni unahesabu madarasa unajua hela ngapi ilitakiwa ifike. Hiyo ndo nguvu ya namba ndogo inayoeleweka na kila mtu, na mi natamani kila mradi utangazwe hivyohivyo.

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, nayo ni yako. Kila mwaka anaikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Katiba ibara ya 143 inataka ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kuanza, kwahiyo kuanzia Aprili unaipata kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usiisome yote. Fungua ya Serikali za Mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, nakili ukurasa. Ukimpa mbunge namba ya ukurasa wa CAG umempa kitu ambacho waziri hawezi kukiita uzushi.

Sasa kuandika. Swali la msingi, yaani lile linaloandikwa na kupelekwa mapema, linatakiwa liwe fupi, liwe swali na siyo hotuba, lisiwe na matusi wala tuhuma kwa mtu, na lisihusu kesi iliyoko mahakamani. Chukulia mfano wa hilo boma:

"Katika mwaka wa fedha 2023/2024 Bunge liliidhinisha shilingi milioni 50 za kukamilisha Zahanati ya Kijiji cha (jina). Je, hadi sasa ni kiasi gani kimepokelewa, kwa tarehe zipi, na kimetumika kwa kazi zipi?"

Soma tena uone lilivyofungwa. Akijibu "zote zimepokelewa", mna boma lisilo na bati na swali la nyongeza linajiuliza lenyewe. Akijibu "haijapokelewa", ameshakiri bungeni, imeingia kwenye kumbukumbu. Hakuna mahali pa kusema kadri ya upatikanaji. Ya barabara pia, badala ya "ni lini barabara yetu itatengenezwa", uliza hivi: tangu Julai 2021 wananchi wanakatwa shilingi 100 ya ziada kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, je, jimbo letu limepokea kiasi gani kila mwaka na kimetengeneza barabara zipi kwa kilometa ngapi?

Mwandikie na ya nyongeza, watu wengi wanasahau hii wakati ndo penye utamu. Muulizaji anapata mawili. Mwandikie mawili kwa kila upande, kama jibu likiwa hivi uliza hili, likiwa vile uliza lile, na chini uweke ushahidi kwa mstari mmoja mmoja. Mbunge akiwa amesimama hana muda wa kupekua kurasa.

Yote hayo yakae kwenye karatasi moja, viambatanisho nyuma. Peleka ofisi ya mbunge jimboni, kwa katibu wake, na isainiwe na watu kadhaa akiwemo mwenyekiti wa kijiji kama anakubali. Kwa heshima: "Mheshimiwa, tunaomba utuulizie swali hili", basi, usianze na ahadi zake za kampeni. Alafu chukua namba ya katibu, maana wao ndo wanaojua swali limefika wapi.

Kuhusu muda, maswali ya msingi yanaandikwa na kupelekwa Ofisi ya Katibu wa Bunge mapema ili wizara iandae majibu, foleni ni ndefu, linaweza lisifikiwe kwenye mkutano huo. Bunge kwa kawaida linakaa Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni, kisha Agosti au Septemba, na Novemba, kwahiyo lipeleke miezi miwili kabla. Kuna njia ya mkato: Orodha ya Shughuli za siku inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, ukiona mbunge mwingine ana swali la zahanati kwa TAMISEMI, mtumie mbunge wako meseji jioni ile asimame kwenye nyongeza. Akiitwa na Spika, dakika moja inamtosha kama ana karatasi yako. Alhamisi kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ila hiyo ni ya sera, usiipoteze kwa kisima kimoja, itumie kama tatizo lenu ni la wilaya nyingi.

Siku ya swali sikiliza, kipindi ni asubuhi kuanzia saa tatu, rekodi klipu. Baadaye tafuta Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge, andika jina la mbunge, pakua, chapisha ukurasa ule na ubandike ofisi ya kijiji. Waziri akisema "mwezi wa tatu hela itakuwa imefika", sasa mna tarehe ya kumdai.

Usikate tamaa kwa jibu moja. Mwaka 2014 David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini, alisimama na suala la hela za akaunti ya Tegeta Escrow, zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL, na alipingwa vikali, hakuacha, ikaenda kwa CAG na TAKUKURU, Kamati ya PAC, ile ya Bunge ya hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa bungeni Novemba, na ilipofika Januari 2015 Mwanasheria Mkuu Werema alikuwa amejiuzulu, Profesa Tibaijuka wa Ardhi ameondolewa, Profesa Muhongo wa Nishati na Madini amejiuzulu. Ilikuwa ni zaidi ya shilingi bilioni 300, na ilianza na mtu anayeuliza hela imeenda wapi.

Kama ahadi ya waziri imepita bila kitu, subiri mkutano wa bajeti, huko mbunge ana silaha kubwa zaidi ya swali. Wizara inapopitishwa fungu kwa fungu kwenye Kamati ya Matumizi, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia usipitishwe, hadi apewe maelezo ya kuridhisha, na wenzake wakimuunga mkono inakuwa mjadala wa Bunge zima. Ila kamati za Bunge za kisekta zinaanza kuchambua makadirio mwezi Machi, mengi yanaamuliwa huko kabla ya kamera kuwashwa. Kwahiyo barua ya pili ifike kwa mbunge mwezi Februari, ukiwa umeambatanisha ule ukurasa wa Hansard, picha ya boma ya mwezi huohuo, na muhtasari wa mkutano wa kijiji unaosema hela haijaonekana.