Kutumia mkaa amilifu katika tangi la matumbawe: namna ya kuuchagua, kuuosha na kuubadilisha

Maji ya tangi la matumbawe hayachafuki kwa namna inayoonekana kati ya leo na kesho. Chakula kinachosalia, kinyesi cha samaki, mwani unaokufa na ute wa matumbawe huacha majini mabaki yanayojikusanya polepole, mpaka maji yanapata rangi ya yale yaliyosuuzia kikombe cha chai. Na mwenye tangi, kwa kuwa huyatazama kila siku, ndiye huwa wa mwisho kugundua. Mkaa amilifu huondoa mabaki hayo kwa gharama ndogo. Hata hivyo, katika miaka niliyotunza matangi ya maji ya chumvi hapa Mombasa, madhara mengi niliyoyaona yametokana na vumbi la mkaa huo na haraka ya mtumiaji. Kwa sababu hiyo nitakawia kwenye vipimo na uoshaji, na mengine nitayapitia kwa ufupi.

Kwanza ieleweke kwamba mkaa wa jikoni hauwezi kushika nafasi yake. Mkaa amilifu hutengenezwa kwa makaa ya mawe, lignaiti (makaa ya mawe laini ya kahawia) au vifuu vya nazi, ambavyo huunguzwa na kisha kupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi, hadi vitundu visivyoonekana kwa macho vifunguke ndani ya kila punje. Vitundu hivyo ni vingi kiasi kwamba ukizijumlisha kuta zake, gramu moja hubeba eneo la mamia ya mita za mraba, na ni kwenye kuta hizo ambako mabaki hunata. Mkaa huo hunasa rangi ya manjano, harufu, masalia ya dawa, na sumu ambazo matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia huzitoa ili kuwazuia majirani wasiwakaribie. Hauondoi amonia, wala nitrati, wala fosfeti kwa kiasi cha kutegemewa. Anayeununua kwa ajili ya nitrati anapoteza fedha zake.

Hatua ya 1: Chagua mkaa unaofaa

Mkaa wa vifuu vya nazi unavutia kwa mtu wa pwani, na kwa kuondoa klorini katika maji ya bomba ni mzuri sana. Lakini vitundu vyake vingi ni vidogo mno, ilhali vitu vinavyoyapa maji ya tangi rangi ya manjano ni vikubwa, hivyo vingi hushindwa kuingia. Kwa tangi la matumbawe napendelea mkaa wa makaa ya mawe, wenye punje ngumu za ukubwa unaolingana. Chukua punje chache kavu uzisugue kati ya vidole viwili: zikivunjika na kuacha weusi mzito kwenye ngozi, usizitumie.

Kisha pima fosfeti. Weka kijiko kimoja cha mkaa katika glasi ya maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoyasukuma maji kupitia utando mwembamba na kuyaacha karibu safi kabisa, uache usiku kucha, na asubuhi uyapime maji hayo kwa kipimo kilekile unachotumia kwa tangi. Mkaa usiooshwa vizuri kiwandani huweza kuachia fosfeti, nayo hulisha mwani usiotakiwa.

Hatua ya 2: Pima kiasi kidogo

Mimi huanza na gramu 25 kwa kila lita 100 za maji, na baada ya wiki mbili, iwapo matumbawe yametulia, hupanda hadi gramu 50. Ikiwa tangi limekaa miezi mingi bila mkaa, anza na nusu ya kiasi cha kwanza.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nililipia kutolijua. Tangi langu la lita 320 lilikuwa limekaa miezi saba bila mkaa, nami nikaweka gramu 160 kwa siku moja. Kesho yake maji yalikuwa meupe kama hayapo, nikafurahi. Siku ya nne matawi ya Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, iliyokuwa juu kabisa yalikuwa yamepauka upande unaotazama taa, ilhali upande wa chini, ulio kivulini, ulibaki na rangi yake ya kahawia. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo iliyonionyesha chanzo: ile manjano ilikuwa ikizuia sehemu ya mwanga, hasa wa buluu, na nilipoiondoa kwa ghafla ilikuwa sawa na kuongeza nguvu ya taa bila kuyazoesha matumbawe. Niliipandisha taa juu na kupunguza saa za mwanga; matawi mengine yalirudi baada ya miezi kadhaa, mengine yalikufa. Tangu siku hiyo, kila ninapoanza mkaa kwenye tangi lililokuwa na maji ya manjano, hupunguza mwanga kwanza na kuurudisha kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Hatua ya 3: Osha mpaka maji yawe safi kabisa

Tia mkaa katika chujio lenye wavu mwembamba na uutikise taratibu ndani ya ndoo ya maji ya osmosisi. Maji ya kwanza yatakuwa meusi kama wino. Yamwage, ujaze mengine, urudie. Usiukamue wala kuusugua kwa mkono, maana kufanya hivyo huzivunja punje na kuzalisha vumbi jipya. Kwa kawaida mimi hubadilisha maji mara nne au tano, kisha huuacha mkaa ulowe kwa saa chache ili hewa iliyo ndani ya vitundu itoke, na mwisho hutumia ndoo nyeupe: nikiweza kuona sakafu ya ndoo bila ukungu wowote wa kijivu, kazi imekwisha.

Usilichukulie vumbi kuwa suala la usafi tu. Mwaka 2011 Jay Hemdal na Andrew Odum wa Bustani ya Wanyama ya Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo samaki aina ya kangaja waliowekwa katika maji yaliyochujwa kwa mkaa wa lignaiti walipata ule ugonjwa wa kumomonyoka ngozi ya kichwa na mstari wa ubavuni, huku wale wa tangi lisilo na mkaa wakibaki wazima. Waliotumiwa mkaa wa punje ngumu, usiotoa vumbi sana, waliathirika kidogo. Mwenye kufuga kangaja asiuchukulie uoshaji kuwa hatua ya kurukwa.

Hatua ya 4: Uweke mahali maji yanapopita

Njia rahisi ni mfuko wa wavu uliolazwa katika tangi la chini, lile la kuchujia lililo chini ya tangi kuu, baada ya sponji na kichujio cha povu (kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa), ili uchafu mkubwa usizibe punje. Maji yapite ndani ya mfuko, yasiuzunguke pembeni. Kwa tangi dogo njia hii inatosha.

Ukitumia riakta, yaani chombo ambamo pampu husukuma maji kupita katikati ya mkaa, fungua pampu polepole mpaka punje za juu zicheze kidogo tu. Punje zinazochemka kama maharagwe jikoni husagana, na vumbi ulilolitoa kwa saa nzima hurudi. Maji ya dakika za kwanza yaelekeze kwenye ndoo, siyo tangini.

Hatua ya 5: Kagua na ubadilishe

Jaza ndoo nyeupe kwa maji ya tangi na nyingine kwa maji mapya ya chumvi, kina kikiwa sawa, uziweke karibu na dirisha mchana. Jicho hutambua manjano mara moja linapokuwa na cha kulinganisha. Mimi hufanya hivi kila Jumamosi, na kwa wastani hubadilisha mkaa baada ya wiki tatu. Tangi lenye matumbawe laini mengi huhitaji mapema zaidi. Andika tarehe ya kubadilisha kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko cha riakta.

Usijaribu kuuhuisha mkaa uliochoka kwa kuuchemsha au kuuweka kwenye oveni, kwani joto la jikoni haliufikii ule ukali uliofungua vitundu. Utupe, na kwa kuwa una chumvi, usiumwage bustanini.

Unapotibu samaki kwa dawa, toa mkaa kabla ya dozi ya kwanza, la sivyo utainasa dawa yenyewe; matibabu yakiisha, weka mkaa mpya ili uondoe masalia.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walioota juu ya mkaa ndani ya riakta hutumia oksijeni yote iliyomo. Umeme ukirudi, usiwashe pampu moja kwa moja. Fungua riakta, mwaga maji yaliyolala humo, uunuse mkaa: ukiwa na harufu ya yai viza, utupe wote na uanze upya kutoka hatua ya 2.