Somo: Kununua samani za kale na picha za sura kwenye minada ya Uingereza

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Niliahidi somo hili tangu kabla ya Ramadhani, na deni lazima lilipwe.

Mimi ni fundi wa kutengeneza samani za kale. Useremala nilifundishwa na babu yangu Mombasa, Mji wa Kale, na leo nahudhuria minada ya miji midogo ya Uingereza karibu kila wiki. Wenzetu wengi, wa hapa na wa nyumbani, siku hizi wananunua kupitia simu. Wanaona picha nzuri, wanapandisha dau, kisha wananiletea kabati lenye miguu isiyo yake. Inaniuma, kwa sababu alama zote zilikuwa wazi kwa mtu ambaye angeinama akatazama chini. Hilo ndilo ninalotaka mlishike: kitu cha kale husema ukweli mgongoni na tumboni, si usoni.

Hatua ya 1: Soma katalogi kama mkataba

Kila neno la katalogi lina maana yake kisheria. "George III mahogany chest" ni madai kwamba kabati hilo la droo lilitengenezwa enzi za mfalme huyo, 1760 hadi 1820. Likiongezwa neno dogo "style", dalali anakwambia kwamba kimetengenezwa baadaye kwa kuiga. Tofauti ya bei ni kubwa, na ukishanunua huwezi kulalamika, maana uliambiwa.

Kwenye picha za sura, yaani za watu zilizochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, mtego ni mkali zaidi. Jina tupu la mchoraji maana yake wanaamini ni kazi ya mkono wake. "Attributed to" ni kwamba wanadhani ni yake lakini hawaweki dhamana. "Studio of" ilitoka karakana yake, pengine yeye akisimamia. "Circle of" ni mtu wa zama zake aliyekuwa karibu naye, "Follower of" ni aliyemfuata, "Manner of" ni mtindo wake tu na huenda ni wa miaka mingi baadaye, na "After" ni nakala ya picha inayojulikana. Msiidharau kazi ya karakana, lakini. Godfrey Kneller, mchoraji wa sura wa Uingereza aliyefariki 1723, alikuwa na wasaidizi wengi. Yeye alichora uso, wao wakamalizia nguo na mandhari. Peter Lely kabla yake alifanya vivyo hivyo, na alipokufa 1680 aliacha picha ambazo hazijamalizika. Picha ya karakana yaweza kuwa nzuri sana, mradi ulipe bei ya karakana.

Makadirio ya bei yanayochapishwa ni mwongozo tu. Muuzaji huwa na bei yake ya chini ya siri, na kwa desturi haizidi kiwango cha chini cha makadirio.

Hatua ya 2: Nenda siku ya kutazama, na uende na tochi

Mnada wowote wa maana hufungua milango siku moja au mbili kabla. Beba tochi, futi ya kupimia na kitambaa cha kufutia mikono. Usione haya kulala chini sakafuni. Wafanyakazi wamezoea, na ukiomba kwa adabu watakusaidia kugeuza meza.

Anza na droo. Itoe yote. Tazama pembeni, pale mbao mbili zinapoumana kwa meno yaliyo kama mkia wa njiwa. Meno ya mkono hayalingani: moja nene, jingine jembamba, na mara nyingi utaona mkwaruzo mdogo wa fundi alipopima. Yakiwa sawasawa kama yametoka kiwandani, basi yametoka kiwandani, na hiyo ni mwisho wa karne ya 19 au baadaye. Kisha droo ya pili, ya tatu. Zote zinapaswa kuwa za mkono mmoja. Ikiwa moja ina meno tofauti, uliza kwa nini.

Pitisha vidole chini ya droo na mgongoni mwa kabati. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, yenye nafasi zisizolingana. Msumeno wa duara huacha mistari iliyopinda kama upinde, na huo ulienea katika karne ya 19. Ukiiona kwenye kabati linalodaiwa kuwa la 1740, simama hapo. Skrubu nazo husema: za zamani hazina ncha kali, na ufa wa kichwani mara nyingi hauko katikati. Skrubu yenye ncha ya kujichimbia ni ya katikati ya karne ya 19 kwenda mbele. Skrubu moja mpya si kosa, huenda ni ukarabati. Zote zikiwa mpya ni habari nyingine.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Mbao hunywea kwa upana, haiwezi kunywea kwa urefu. Meza ya duara ya miaka mia mbili haiwezi kuwa duara kamili tena. Ipime kufuata nyuzi za mbao, kisha ipime kukata nyuzi. Kama vipimo viwili vinatofautiana kidogo, furahi. Vikilingana kabisa, una swali la kujibu. Babu alinionyesha hili kwa meza ya msaji, na hapa nimelikuta vilevile kwa mahogani na mwaloni.

Jihadharini na "ndoa". Ndivyo wenye kazi hii wanavyokiita kitu cha vipande viwili visivyozaliwa pamoja, kama kabati la vitabu lililowekwa juu ya kabati la droo la nyumba nyingine. Linganisheni rangi ya mbao za mgongoni juu na chini, na upande wa nyuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua ndoa ya namna hiyo kwa bei ya kitu kizima. Nilikuwa nimetazama mbele tu, vitasa vya shaba viking'aa.

Wadudu: vitundu vya zamani si tatizo. Piga mbao kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga mweupe mpya, wamo ndani bado, na watahamia samani zako nyingine.

Kwa wasio na pesa nyingi, nawapa habari njema: bei za samani hizi za mbao za kahawia zimeshuka sana tangu mwanzo wa karne hii, kwa sababu nyumba za sasa ni ndogo na vijana wanataka vitu vyepesi. Kabati la mahogani la karne ya 18 lenye ufundi ambao leo hakuna anayeweza kukuuzia kwa bei hiyo linapatikana kwa pesa ya kabati jipya la mbao za kubandika. Huu ni wakati wenu.

Hatua ya 3: Picha ya sura igeuze kwanza

Omba ruhusa, kisha itazame mgongoni kabla hujatazama uso wa mtu. Kitambaa cha zamani ni cheusi kwa umri, kimepigiliwa kwa misumari midogo. Pini za kisasa humaanisha kimenyooshwa upya karibuni. Vitambaa viwili vilivyogandishwa pamoja maana yake picha iliwahi kuchanika au kulegea ikatiwa kitambaa cha pili mgongoni. Ni jambo la kawaida kwa picha za karne ya 17 na 18, lakini bei lazima ilijue.

Tafuta lebo, muhuri wa muuza vitambaa, maandishi ya chaki. Herufi na namba nyeusi zilizopigwa chapa kwenye fremu ya ndani huenda ni alama ya ghala ya Christie's, nyumba kubwa ya mnada ya London, na kumbukumbu zao zinaweza kukueleza picha ilipita kwao lini. Nimewahi kuona picha ya "mtu asiyejulikana" ikipata jina lake kwa lebo iliyofunikwa na vumbi.

Kisha mbele, na tochi ya urujuanimno (UV) gizani. Vanishi ya zamani hung'aa kijani chenye ukungu. Rangi iliyopakwa baadaye juu yake huonekana kama madoa meusi. Madoa machache mandharinyuma hayanisumbui. Yakiwa machoni, puani na mdomoni, basi uso unaoupenda ni wa mtengenezaji wa juzi. Lakini uso uliopauka si lazima uwe umeharibiwa na mtu. Joshua Reynolds, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, alitumia rangi nyekundu zisizodumu, na baadhi ya watu aliowachora walianza kupauka yeye mwenyewe akiwa hai.

Hatua ya 4: Piga hesabu nyumbani

Bei ya nyundo, yaani dau la mwisho dalali anapogonga nyundo, si bei utakayolipa. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya VAT ya asilimia 20. Chukua mfano wa ada ya asilimia 25. Nyundo ikigonga pauni 400, ada ni 100, kodi ya ada ni 20, jumla 520. Ukinunua kupitia tovuti ya kati, ile inayokuunganisha na mnada kwa simu, inayotoza asilimia 5, ongeza 20 na kodi yake 4: sasa ni 544, na bado hujasafirisha. Mimi hufanya kinyume. Nikiwa na 400 mfukoni kwa kila kitu, na ada ya asilimia 25 na kodi yake, nagawanya kwa 1.3, napata kama 307, na huko ndiko mkono wangu unakoshuka. Naiandika kwenye kiganja.

Hatua ya 5 na 6: Kunadi na kubeba

Jisajili, upewe namba. Inua namba wazi dalali akuone. Huna haja ya kuanza wewe. Usipoweza kuhudhuria, mwachie dalali dau la maandishi. Atanunua kwa bei ya chini anayoweza mpaka kikomo chako. Ukishinda, lipa na uondoe mzigo ndani ya siku walizotaja, maana baada ya hapo wengi hutoza ghala kwa kila siku.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Muscat: Fundi, naona mtandaoni "kasha la Zanzibar la karne ya 18" kila siku. Yote ya kweli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mengi ya makasha hayo hata hayakutengenezwa Unguja. Yalitoka Bombay, Surat na pwani ya Malabar, yakaja na majahazi. Na mengi mno ni ya juzi, yametengenezewa watalii. Omba picha ya ndani, ya chini na ya bawaba. Misumari ya shaba ya zamani imezungukwa na mbao iliyobadilika rangi, na mahali mikono ilipofungulia kifuniko miaka yote pamelainika. Uchakavu ulioenea sawa kila mahali umetengenezwa kwa msasa.

Mwanachama, London: Shikamoo mzee. Nimeona kiti cha enzi kwenye mnada, wameandika tu "African chair". Kina vipande vyeupe vilivyotiwa kwenye mbao nyeusi. Kuna shida ya sheria?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa macho yako. Kitazame kama kina mgongo na kikalio cha kamba zilizosukwa, na ubao wa kuwekea miguu: hivyo ndivyo kiti cha enzi cha pwani yetu, kama cha Lamu, kilivyo. Vipande vyeupe ni mfupa au pembe ya ndovu. Mfupa una vidoa na vistari vidogo vyeusi. Pembe, ukiitazama sehemu iliyokatwa mtambuka, huonyesha mistari iliyopinda inayokatana. Ikiwa ni pembe, sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu kuuza kitu kilichotengenezwa kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, mradi kisajiliwe kwanza. Mwombe dalali namba ya usajili. Ukitaka kukirudisha Lamu utahitaji pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na tafadhali mwandikie dalali umwambie jina la kiti. Kitu cha watu wetu kisipite mnadani bila jina lake.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nimenunua picha ya mama wa Kizungu, vanishi imekuwa njano. Jirani ananiambia nisugue na kiazi kilichokatwa. Nifanye?

Jibu: Usifanye, dada, nakusihi. Maji ya kiazi huingia kwenye mipasuko ya rangi na kuinyanyua, na wanga unaobaki huita ukungu. Futa vumbi kwa brashi laini, iwe mbali na ukuta wenye unyevu na jua, na ungoje mtaalamu wa picha za mafuta. Njano imekaa miaka, itangoja.

Mwanachama, Nairobi: Forodha wataniuliza nini?

Jibu: Ushahidi wa umri. Kitu cha kale kinachozidi miaka 100 kina kifungu chake cha ushuru, 9706, na picha zilizochorwa kwa mkono ni 9701. Ankara ya mnada iandike umri na maelezo kamili, umpe wakala wako kabla mzigo haujafika. Sanduku la mbao la kufungia liwe na muhuri wa kuonyesha limetibiwa dhidi ya wadudu, la sivyo linaweza kuzuiwa bandarini.

Mwanachama, Bagamoyo: Mzee, mimi nina kinyume. Mlango wa nakshi wa nyumba ya babu, na kuna mtu anataka kuupeleka mnadani Ulaya. Bei anayotoa ni nzuri.

Jibu: Mwanangu, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kuutoa nchini bila kibali ni kosa, na mnunuzi wa namna hiyo huenda anajua. Usiung'oe. Nenda ofisi ya Mambo ya Kale hapo mjini. Kabla ya hapo upige picha mlango mzima, kisha upande ngazi unipigie kizingiti cha juu kwa karibu. Mafundi wengi walichonga hapo aya na mwaka wa Hijria, nami nitakusaidia kuusoma.