Jinsi ya kubishana kuhusu Mungu bila kununiana

Mkianza ubishi wa Mungu yupo hayupo pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwanza muulizane ushahidi ni nini, maana mmoja anawaza dagaa kwenye mzani mwenzake anawaza upendo wa mama. Akikwambia kila kitu kina chanzo so lazima kuwe na chanzo cha kwanza, hiyo ni hoja ya Thomas Aquinas, padre mwanafalsafa wa karne ya 13 huko, usicheke, muulize tu kwa nini hicho chanzo kiitwe Mungu. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliandika 1952 kwamba anayedai ndo athibitishe, sawa, ila jamaa akisema ziwa lilichafuka akaomba akafika salama, muulize waliozama hawakuomba? Kwa upole lakini, pengine kaka yake alikuwemo.