Taa Nyekundu ya Oili Ikiwaka: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Taa nyekundu yenye mchoro wa birika, inapowaka wakati injini inaunguruma, inamtaka dereva asimame pembeni na kuzima gari papo hapo, wala asijipe moyo kwamba gereji haiko mbali. Beringi za kranki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu, na utando huo ukikatika, chuma husagana na chuma. Injini ambayo ingepona kwa kubadilishiwa swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa hiyo, ya bei ndogo inaweza kuharibika kabisa ndani ya dakika chache.

Gari likiwa mahali tambarare, subiri dakika kama kumi ili oili ishuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe na ukisome upya. Ikiwa oili imepungua, ongeza ya aina ileile mpaka alama ya juu na utafute ilikopotelea: kwenye gaskiti, kwenye sili za kranki, au kwenye moshi wa bluu unaotoka katika ekzosi. Injini ndogo kama 1NZ ya Toyota, iliyomo katika Probox na IST nyingi zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani, hubeba takribani lita 3.7 pamoja na ya kwenye filta, kwa hiyo upungufu wa lita moja na nusu si jambo dogo. Inusie pia oili yenyewe: ikinuka petroli imekuwa nyepesi kupita kiasi, na ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hizo mbili kubadilisha oili pekee hakutibu kitu.

Ukishapima kiasi, zingatia taa huwaka wakati gani, kwa sababu hapo ndipo gari linapojieleza. Inayomulika kwenye kona au unapofunga breki kwa nguvu, kisha ikazimika, mara nyingi huonyesha oili kidogo iliyokimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha pampu ikivuta hewa. Inayowaka injini ikiwa ya moto na imeachwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, lakini ikazimika ukikanyaga mafuta kidogo, huelekeza kwenye beringi zilizolika, pampu iliyochoka au oili nyepesi isiyofaa injini hiyo. Ikiwaka muda wote, tangu injini ikiwa baridi, bila injini kugonga, huenda kasoro ni ya swichi au waya wake uliogusa bodi. Hata hivyo hiyo ni dhana tu mpaka upime.

Kupima ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayookoa fedha. Swichi ya presha inajua mambo mawili tu, kuwasha na kuzima, na hufanya hivyo kwenye presha ya chini sana. Ifungue, kisha funga mahali pake geji ya kupima presha ya oili. Katika Toyota nyingi tundu hilo lina nyuzi za moja ya nane ya inchi, na adapta zake hupatikana katika maduka ya spea. Washa injini ukiitazama geji: mshale usipopanda ndani ya sekunde chache, zima mara moja. Ukipanda, acha injini ipate moto kamili, kwa kuwa oili baridi ni nzito na itakudanganya, kisha soma ikiwa sailensi na usome tena kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Linganisha na vipimo vya kitabu cha injini yako. Presha ikiwa nzuri, badilisha swichi, kagua waya, na kazi imekwisha.

Presha ikiwa ndogo kweli, anza na vya bei nafuu. Weka filta mpya ya kuaminika na oili ya uzito uliotajwa na mtengenezaji. Kisha shusha sampu na uangalie chujio la kuvutia oili, ambalo huzibwa na matope meusi ya oili iliyokaa muda mrefu au, na hili ni kosa la binadamu, na vipande vya silikoni ya kuzibia maungio ambayo fundi aliyetangulia aliipaka kwa ukarimu mno. Vali ya kupunguzia presha, inayofunguka kuachia presha ikizidi, nayo inaweza kuganda ikiwa wazi. Itoe, isafishe, na uhakikishe inateleza bila kukwama. Ndipo ufikie pampu yenyewe.

Kabla ya kununua pampu, kata filta ya zamani na utandaze karatasi yake. Chembe zinazong'aa, hasa zenye rangi ya shaba, zinamaanisha beringi zimeshalika, na pampu mpya haiwezi kuziba nafasi iliyozidi kati ya beringi na kranki. Hapo kranki hupimwa, husagwa ikibidi, na kufungwa beringi za saizi inayofuata. Kumimina oili nzito ili taa izimike ni njia ya wauzaji, si ya matengenezo. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika aitazame taa hiyo funguo ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa: isipowaka kabisa, taa imeungua au waya umechomolewa, pengine kwa makusudi.

Baada ya kufunga pampu, ijaze oili kabla ya kuifunika, chomoa fyuzi ya mfumo wa mafuta na uzungushe injini kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ionyeshe presha. Rudisha fyuzi, washa, pima tena injini ikiwa ya moto, na ikiwa vipimo vinakubaliana na kitabu, toa geji, rudisha swichi na ukague kama inavuja.