Somo: Bendi inavyojiandaa kumpokea mshindi isiyemjua

Wengi hudhani kiongozi wa bendi kwenye usiku wa tuzo hunong'onezwa majina mapema. Jina likitajwa tu, muziki wa mshindi huyohuyo unaanza, sasa amejuaje? Hajui. Kazi imepangwa ili asihitaji kujua. Mfano wangu ni tuzo za Oscar, maana taratibu zao zinafahamika na makosa yao dunia nzima iliyaona.

Hatua ya 1: Punguza wanaojua
Zamani Oscar walikuwa wakiyapa magazeti matokeo mapema, kwa makubaliano kwamba yasichapwe kabla ya muda uliowekwa. Mwaka 1940 Los Angeles Times likayachapa kabla hafla haijaanza. Mwaka uliofuata zikaja bahasha zilizofungwa. Kwa miaka mingi wakaguzi wawili tu wa kampuni inayohesabu kura, leo ikiitwa PwC, ndio walioijua orodha nzima, nao waliikariri kichwani.

Hatua ya 2: Andaa seti mbili za bahasha
Kila mkaguzi alibeba seti kamili na kusimama upande wake wa jukwaa, ili mtangazaji aweze kuingilia popote. Hatari yake ni kwamba bahasha moja ikisomwa, pacha wake hubaki upande wa pili. Ndivyo ilivyotokea 2017: watangazaji Warren Beatty na Faye Dunaway walikabidhiwa pacha wa bahasha ya mwigizaji bora wa kike, La La Land ikatangazwa filamu bora ilhali mshindi ni Moonlight. Kwa hiyo pacha aondolewe mara tu kipengele chake kinapokwisha, na jina la kipengele liandikwe kwa herufi zinazosomeka gizani.

Hatua ya 3: Muziki
Hapa ndipo penye kazi. Wawaniaji watano, vipande vitano, na kimoja tu ndicho kitakachosikika. Weka nota za kipengele kizima mbele ya mpigaji kwa pamoja. Akilazimika kufunua ukurasa, umeshachelewa. Vipe namba kwa kufuata alfabeti ya majina, kamwe si kwa kubashiri nani atashinda, kwa sababu bendi ikizoea kwamba namba moja ndiye "wetu", mikono itamkimbilia yeye.

Jina likitajwa, kiongozi anatamka namba inayosikika kwenye vipokea sauti vya masikioni na bendi inaingia. Mimi hupenda vipande vyote vya kipengele kimoja vianze kwa mvumo uleule wa ngoma. Ngoma inaanza bila kusubiri namba, wengine wanapata sekunde ya kuweka vidole sawa.

Urefu nao haujulikani. Aliyekaa mbele hufika mara moja. Mwingine atakumbatia safu nzima kwanza. Kila kipande kiwe na sehemu ya kurudiwa na mahali kadhaa pa kuishia.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi kwa washindi wa bandia
Kwenye mazoezi ya Oscar, watu wa kukaimu huketi viti vya mastaa, na mtangazaji husema wazi kwamba huyu ni mshindi wa mazoezi haya tu. Zungusha majina hadi kila kipande kipigwe.

Hatua ya 5: Vilivyobaki vifuate mtindo huohuo
Picha na maandishi ya skrini hutengenezwa kwa kila mwaniaji. Hata vibao vya majina vya sanamu za Oscar huandaliwa kwa wote, kisha mshindi hubandikiwa chake baada ya hafla.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, makofi yakifunika jina kabla kiongozi hajalisikia?
Jibu: Asitegemee spika za ukumbi. Apate sauti ya kipaza cha mtangazaji moja kwa moja masikioni. Na awepo kipande cha sita kisichomhusu yeyote. Ukikosa uhakika, piga hicho. Kupiga wimbo wa aliyeshindwa ni aibu kubwa zaidi.

Swali: Na wakitoka sare?
Jibu: Hutokea. Kwenye Oscar za mwaka 1969 Katharine Hepburn na Barbra Streisand walitoka sare kwenye kipengele cha mwigizaji bora wa kike. Anza na wa jina lililotajwa kwanza, mkono wa kiongozi ubaki juu hadi la pili litajwe.

Swali: Ndugu mwalimu, msanii anayewania na pia anatumbuiza usiku huohuo, si ataotea kwa kuangalia ratiba?
Jibu: Ataotea kama ratiba ilipangwa na mtu anayejua matokeo. Funga ratiba na mpango wa viti kabla kura hazijamaliza kuhesabiwa, na usikubali mabadiliko ya dakika za mwisho yasiyo na sababu ya kiufundi. Wapiga muziki ni wepisi kunusa: ukimhamishia mtu kiti karibu na ngazi saa mbili kabla ya hafla, bendi nzima imeshajua.